Antivairasi yako imekwisha muda: je, mlinzi aliyekuja na Windows anatosha?

Ukinunua laptopu, iwe mpya au ya mtumba, ni nadra kutoka dukani bila fundi kukuuliza: "Nikuwekee na antivairasi?" Wengi tunajibu "weka tu", kama tunavyokubali kubandikiwa kioo cha kinga kwenye simu. Miezi inapita, halafu kidirisha kinaanza kuchomoza kwenye kona ya chini: muda wako umekwisha, lipia sasa, kompyuta yako iko hatarini. Ukikifunga, kinarudi. Unaandika ripoti ya mafunzo kwa vitendo, kinarudi. Uko katikati ya jaribio la mtandaoni, kinarudi.

Hapo unabaki na njia tatu. Ulipie. Utafute kraki ya kuifufua. Au uiondoe kabisa na kumwachia kazi mlinzi aliyekuja na Windows yenyewe, yaani Microsoft Defender, ambaye watu wengi hawajui hata kama yupo.

Makala haya yanahusu njia ya tatu. Jibu fupi ni hili: kwa mwanafunzi au mtumiaji wa kawaida mwenye Windows inayopata masasisho, Defender inatosha. Ila kuna sharti moja, na sharti hilo ni rahisi sana kuvunjwa bila wewe mwenye kompyuta kujua. Tutalifikia. Kwanza tuone kwa nini jibu hili lisingekuwa sahihi miaka kumi na tano iliyopita.

Sifa mbaya ilitoka wapi

Kama una kaka au dada aliyetumia kompyuta enzi za Windows XP, atakwambia kwamba kompyuta bila antivairasi ya kununua ilikuwa kama nyumba bila mlango. Hakukosea. XP haikuja na antivairasi. Mwishoni mwa mwaka 2004 Microsoft ilinunua kampuni ndogo iliyoitwa GIANT, iliyokuwa na programu ya kunasa majasusi, yaani zile programu zinazochungulia unachofanya na kutuma taarifa kwingine. Programu hiyo ndiyo iliyozaa Windows Defender, iliyokuja na Windows Vista. Lakini Defender ya wakati ule ilishughulika na majasusi tu. Virusi kwa ujumla haikuwa kazi yake.

Mwaka 2009 Microsoft ikatoa Security Essentials, antivairasi kamili ya bure, ila ulipaswa kuipakua mwenyewe. Kuanzia Windows 8, mwaka 2012, antivairasi kamili ikawa ndani ya mfumo kwa jina la Defender. Mwanzo haukuwa mzuri. Mwishoni mwa mwaka huohuo wa 2012, AV-TEST, taasisi ya Ujerumani inayopima antivairasi, iliinyima Security Essentials cheti chake. Hapo ndipo ule usemi wa mafundi kwamba "hiyo ya Windows ni ya kuzugia tu" ulipopata nguvu.

Baada ya hapo mambo yakabadilika. AV-TEST hutoa alama hadi 6 kwa ulinzi, 6 kwa wepesi na 6 kwa kutomsumbua mtumiaji, jumla 18. Katika miaka ya karibuni Defender imepata 18 kwa 18 mara nyingi, bega kwa bega na antivairasi za kulipia. Kwa hiyo usemi wa mafundi ulikuwa na ukweli wakati wake. Tatizo ni kwamba usemi umebaki palepale na programu imesonga mbele.

Mlinzi anamtambuaje mwizi?

Ili uamue vizuri, inabidi ujue kazi yenyewe inafanyikaje. Antivairasi ya kisasa, ya Windows au ya kununua, inatumia njia tatu kwa pamoja.

Ya kwanza ni saini. Kirusi kikishakamatwa mahali popote duniani, wataalamu wanachukua alama zake, kama polisi wanavyochukua alama za vidole, na kuziweka kwenye orodha. Kompyuta yako inapakua orodha hiyo, na kila faili linalofunguliwa linalinganishwa nayo. Njia hii ni ya haraka na ya uhakika, ila ina kasoro ya wazi: inamjua mwizi aliyewahi kukamatwa tu. AV-TEST inasema inasajili zaidi ya programu hatari mpya 450,000 kila siku. Gawanya kwa sekunde za siku nzima utapata zaidi ya tano kila sekunde. Hakuna orodha inayoweza kukimbizana na kasi hiyo peke yake.

Ya pili ni tabia. Mlinzi haangalii sura, anaangalia mwenendo. Faili linalojiita picha lakini linataka kujiandika kwenye orodha ya programu zinazowaka pamoja na kompyuta, hilo linatiliwa shaka. Programu inayofungua nyaraka zako mia moja ndani ya dakika moja na kuzigeuza zisisomeke inasimamishwa kwanza, maswali baadaye.

Ya tatu ni wingu. Defender ikikutana na faili isilolielewa, inatuma alama zake kwenye seva za Microsoft na kuuliza: hili mnalijua? Huko kuna taarifa kutoka kwenye mamilioni ya kompyuta nyingine, na jibu hurudi haraka, mara nyingi kabla faili halijaruhusiwa kuendelea. Faili likionekana la ajabu kabisa, nakala yake inaweza kutumwa likachunguzwe. Kama hupendi mafaili yako yatumwe, kutuma nakala moja kwa moja unaweza kukuzima kwenye mipangilio na bado ukabaki na sehemu nyingine ya kinga ya wingu.

Shika hilo neno "wingu". Ndilo lililoipandisha Defender alama, na ndilo lenye udhaifu wake mkubwa kwa watu wa bando. Tutarudi hapo.

Mafahali wawili hawakai zizi moja

Swali linaloulizwa sana: kwa nini nisiwe nazo zote mbili? Walinzi wawili si bora kuliko mmoja?

Kwa antivairasi, hapana. Antivairasi inakaa kwenye kiini cha mfumo, katikati ya programu zako na diski. Kila programu inapotaka kufungua faili, ombi linasimama kwa mlinzi kwanza. Sasa weka walinzi wawili. Wa kwanza anafungua faili alikague. Kule kufungua kwenyewe ni ombi, kwa hiyo wa pili naye anamsimamisha wa kwanza ili akague. Kazi moja inafanyika mara mbili, na wakati mwingine kila mmoja anamsubiri mwenzake amalize. Kwenye laptopu yenye RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka, matokeo utayaona: kufungua nyaraka moja ya Word ni sawa na kusubiri daladala wakati wa mvua.

Isitoshe, antivairasi inabeba vipande vya virusi ndani ya orodha yake ya saini, na inafanya mambo ambayo programu ya kawaida haifanyi. Kwa mlinzi mwingine, mwenzake anafanana sana na mwizi.

Windows imelitatua hili kwa njia rahisi. Ukisakinisha antivairasi ya nje, inajisajili kwa Windows, na Defender inajiweka pembeni. Ukiiondoa, Defender inarudi kazini yenyewe. Kwa hiyo kuhamia Defender hakuhitaji kupakua wala kununua chochote. Kuhama ni kuondoa.

Na hapo pana mtego. Antivairasi ya nje iliyokwisha muda bado ipo. Windows imeundwa ili itambue hali hiyo na kukutaarifu, lakini usiishi kwa kudhani. Inawezekana kabisa kiti cha mlinzi kimekaliwa na mtu ambaye hajapewa orodha mpya ya wezi tangu mwaka jana.

Kila mlinzi naye ni mlango

Kuna jambo jingine ambalo matangazo hayalisemi. Antivairasi ina ruhusa kubwa kuliko karibu programu zote ulizonazo. Inasoma kila kitu. Kwa hiyo ikiwa na kasoro, kasoro yake ni kubwa pia.

Mwaka 2016 Tavis Ormandy, mtafiti wa usalama wa Google, alionyesha kasoro nzito kwenye bidhaa za Symantec na Norton. Mwezi Mei 2017 yeye na mwenzake wakakuta kasoro mbaya ndani ya Defender yenyewe: faili lililotengenezwa kwa hila lingeweza kuiteka kompyuta kwa sababu tu Defender imelikagua. Microsoft iliziba tundu hilo ndani ya siku chache. Kwa hiyo Defender si malaika. Ila hesabu ni nyepesi: Windows unayo tayari na umeshailazimika kuiamini. Kila programu ya nje unayoiongeza kwenye kiini ni mtu mwingine wa kumwamini juu yake.

Kuamini nako kuna bei. Avast ilikuwa mojawapo ya antivairasi za bure zilizopendwa sana duniani. Januari 2020 waandishi wa habari wa Marekani walifichua kwamba taarifa za tovuti walizotembelea watumiaji wake zilikuwa zinauzwa kupitia kampuni tanzu iliyoitwa Jumpshot. Kampuni hiyo tanzu ikafungwa mwezi huohuo. Februari 2024 Tume ya Biashara ya Marekani ikaitaka Avast ilipe dola milioni 16.5 na kuipiga marufuku kuuza taarifa za namna hiyo kwa ajili ya matangazo. Programu ambayo watu waliiweka iwakinge na kufuatiliwa ndiyo iliyokuwa inawafuatilia.

Tusiwachore wote kwa rangi moja. Zipo kampuni za antivairasi zenye wataalamu wazuri na bidhaa nzuri. Ila "ya bure" inayotoka nje ya mfumo lazima uiulize: wewe mshahara wako unatoka wapi?

Pale Defender inapoyumba

Sasa turudi kwenye wingu. AV-Comparatives, taasisi ya Austria, hupima antivairasi ikiwa na intaneti na ikiwa haina. Defender ikiwa na intaneti inafanya vizuri. Ikikatwa intaneti, uwezo wake wa kutambua unashuka waziwazi, kuliko washindani kadhaa wanaobeba saini nyingi ndani ya kompyuta.

Kwa mtu mwenye intaneti nyumbani saa 24, hiyo ni habari ndogo. Kwa mwanafunzi anayewasha data akitaka kutuma kazi kisha anazima, ni habari kubwa. Na angalia virusi vyetu vingi vinakotoka: flashi. Unaipeleka steshenari kuchapisha kazi, inachomekwa kwenye kompyuta iliyokwishachomekwa flashi nyingi siku hiyo, unarudi nayo hosteli, unaichomeka ukiwa hujawasha data. Hapo mlinzi wako yuko peke yake bila simu ya kuuliza makao makuu.

Kile kirusi maarufu kinachogeuza mafolda kuwa njia za mkato zenye mshale mdogo kinaishi kwa mzunguko huohuo. Kinayaficha mafaili yako halisi na kuweka njia ya mkato yenye jina lilelile. Ukiibofya, inafungua folda yako, kwa hiyo huoni tofauti, na wakati huohuo inakiwasha kirusi. Defender ikikiondoa, mafaili yako hayapotei, yamefichwa tu. Kama flashi yako imesoma kama G, fungua kidirisha cha amri na uandike attrib -h -r -s /s /d G:\*.* nayo yatajitokeza. Wengi wameifomati flashi yenye kazi ya muhula mzima kwa sababu hawakujua hili.

Basi kanuni za mtu wa bando ni tatu. Washa data kabla ya kuchomeka flashi iliyotoka nje. Usiifungue kwa kubofya mara mbili. Bofya kitufe cha kulia na uchague kuikagua kwa Defender. Na kama umeiweka intaneti ya simu yako kuwa ya kupimiwa ili kubana bando, jua kwamba Windows inabana upakuaji wa masasisho pia, kwa hiyo uangalie mwenyewe tarehe ya saini. Kama laptopu haiguswi na intaneti kabisa, faili la saini lipo kwenye tovuti ya Microsoft: unalipakua kwenye kompyuta ya maktaba, unalibeba kwa flashi na kuliendesha nyumbani. Lina MB zaidi ya mia, lakini ni mara moja moja.

Sharti lenyewe: orodha ya misamaha

Tumefika. Umewahi kuona maelekezo ya kusakinisha programu iliyokrakiwa? Mstari wa kwanza karibu siku zote ni uleule: zima antivairasi. Na wenye kraki wana maelezo yao: eti antivairasi inakosea tu, faili ni salama.

Kuna nusu ya ukweli humo. Vifaa vya kuamsha Windows au Office kwa njia ya panya Defender huvikamata kwa makusudi, na hutumia majina kama HackTool:Win32/AutoKMS hata kama havijabeba kirusi kingine ndani. Tatizo ni kwamba wewe huna njia ya kutofautisha kilichobeba na kisichobeba. Umemwambia mlinzi afumbe macho, kisha ukamfungulia geti mtu usiyemjua.

Na mara nyingi anayefumbwa macho hafumbuliwi tena. Badala ya kuizima Defender kila mara, fundi au kraki yenyewe huweka msamaha: folda fulani isikaguliwe kamwe. Wavivu zaidi wanasamehe diski C nzima. Ukiangalia alama ya Defender utaona tiki ya kijani kama kawaida, saini ni za leo, kila kitu safi. Lakini mlinzi ameambiwa asiangalie popote ndani ya nyumba.

Ndiyo maana swali la "antivairasi gani ni bora?" si la kwanza. Maswali ya kwanza ni matatu. Mlinzi yuko kazini? Orodha yake ya wezi ni ya leo? Na kuna mahali ameambiwa asiangalie? Antivairasi ya bei mbaya inayoshindwa moja kati ya hayo ni pambo. Na kukraki antivairasi yenyewe ni kushindwa swali la kwanza kwa hiari: unampa geti mtu aliyekuja kwa kuvunja dirisha.

Kuhama hatua kwa hatua

Kama umeamua, fuata mpangilio huu. Saa moja na nusu inatosha, na muda mwingi ni wa kusubiri.

1. Hifadhi nakala ya kazi zako muhimu kwenye diski ya nje au wingu. Hii ifanye hata kama huhami.

2. Kama ulilipia kwa kadi, ingia kwenye akaunti yako ya antivairasi uzime kulipishwa kiotomatiki. Kuiondoa programu kwenye kompyuta hakusimamishi makato. Kama ulikuwa unahifadhi nywila ndani yake, zihamishe kwanza.

3. Pitia karantini yake. Ukikuta faili lako mwenyewe lilikamatwa kwa makosa, lishughulikie sasa, kwa sababu ukiondoa programu unaweza kulipoteza.

4. Nenda kwenye mipangilio, sehemu ya programu, uiondoe, kisha uwashe kompyuta upya. Usiruke kuwasha upya. Kama mabaki yanakataa kutoka, tumia kifaa cha kuondolea kinachotolewa na kampuni husika. McAfee, Norton na Avast zote zinacho. Kipakue kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, si kwingine. Ondoa pia viongezi vyake kwenye kivinjari.

5. Fungua Windows Security kwa kuitafuta kwenye menyu ya kuanzia. Katika sehemu ya kinga dhidi ya virusi, hakikisha vitu vitatu vimewashwa: kinga ya wakati wote, kinga ya wingu, na kinga dhidi ya kuchezewa. Hiyo ya tatu, iliyoletwa mwaka 2019, inazuia programu nyingine kuizima Defender kwa siri.

6. Kwenye ukurasa huohuo shuka hadi kwenye orodha ya misamaha. Kwa mtu wa kawaida inapaswa kuwa tupu. Ukikuta kitu ambacho hukukiweka wewe, kifute.

7. Sasisha saini na uangalie tarehe. Kisha fanya skani kamili. Kama uliwahi kuweka kraki, fanya na ile skani ya nje ya mfumo: kompyuta inazima, inaamka ikiwa na Defender peke yake, na kukagua kabla virusi havijapata nafasi ya kujificha. Huchukua kama dakika kumi na tano.

8. Mjaribu mlinzi. Taasisi ya EICAR ya Ulaya ina faili la majaribio lenye herufi 68 tu. Si kirusi na halidhuru kitu, ila antivairasi zote zimekubaliana kulikamata. Lipakue kutoka kwenye tovuti yao. Likipita bila kelele, rudi hatua ya 5.

9. Fikiria kuwasha kinga ya mafolda dhidi ya virusi vya kudai fidia. Inakuja ikiwa imezimwa. Ukiiwasha, programu isiyojulikana haiwezi kubadilisha nyaraka zako. Mwanzoni itazuia na programu halali moja mbili, utaziruhusu mwenyewe, kisha inatulia.

Usishangae ukiona kwenye orodha ya kazi za kompyuta kitu kinaitwa MsMpEng.exe kinakula prosesa wakati wa skani. Ndiyo Defender hiyo. Nayo ina uzito wake, hasa unaponakili mafaili mengi au kusakinisha programu kubwa.

Nani asihame?

Kompyuta ya ofisi au ya chuo usiiguse. Waulize watu wa TEHAMA, kwa sababu antivairasi yake huenda inasimamiwa kutoka mahali pamoja. Anayekaa wiki nyingi bila intaneti na anapokea flashi za watu kila siku, kama mwenye steshenari, ana sababu ya kweli ya kutafuta antivairasi yenye nguvu nje ya mtandao, mradi ailipie na aisasishe.

Na kama uko kwenye Windows isiyopata masasisho, kubadilisha antivairasi si dawa. Windows 7 iliachwa Januari 2020. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na baada ya hapo aliyejiandikisha kwenye mpango wa nyongeza ndiye anayeendelea kupata viraka vya usalama. Mlinzi anakaa getini. Viraka vinaziba matundu ya ukuta. Kirusi cha WannaCry kilipoikumba dunia tarehe 12 Mei 2017 na kuvuruga hospitali nyingi Uingereza, kiraka cha tundu lililotumika kilikuwa kimetolewa tangu Machi. Karibu miezi miwili. Wengi walioumia hawakuwa wamekiweka.

Kwa hiyo kabla hujalipa shilingi yoyote, na kabla hujatafuta kraki yoyote, fungua Windows Security leo uangalie ile orodha ya misamaha. Ni dakika mbili. Ukiikuta tupu, vizuri. Ukikuta diski C imo, utakuwa umeelewa kwa nini laptopu yako ina antivairasi na bado ina virusi.